Kahawa ya Kilimanjaro: Barafu Waachieni Watafiti, Ninyi Pimeni Joto la Usiku

Ukikaa na wakulima wa Hai, Rombo au Moshi Vijijini, mazungumzo ya mabadiliko ya tabianchi hayakawii kupanda hadi kileleni: barafu inaisha au haiishi? Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani, Lonnie Thompson, na wenzake waliandika kwamba barafu ya Kibo, kilele cha juu cha Kilimanjaro, huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu, ingawa ni vipandevipande, bado ipo. Basi wako wanaosema tumedanganywa, habari za joto ni hadithi za wazungu.

Wanachanganya mambo mawili. Waliobishana juu ya barafu ni wanasayansi wenyewe kwa wenyewe, na ubishi ulikuwa juu ya chanzo. Georg Kaser wa Austria na wenzake walieleza kwamba barafu ile imekuwa ikipungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kwamba kinachoila zaidi ni ukavu wa hewa na uhaba wa theluji mpya. Kukubali hoja hiyo si kukataa kwamba dunia inapata joto. Tena maji ya mifereji yetu kwa sehemu kubwa hutoka kwenye ukanda wa msitu, si kwenye barafu. Anayeogopa mfereji kukauka aanze na moto na misumeno huko msituni.

Kwa kahawa, cha kuangalia ni usiku. Mwaka 2015 Alessandro Craparo na wenzake walichapisha uchambuzi wa mavuno na hali ya hewa ya nyanda za juu kaskazini mwa Tanzania, kuanzia 1961 hadi 2012. Katika vipimo vyote vya hali ya hewa, kilichoandamana zaidi na kushuka kwa mavuno ya arabika ni kupanda kwa joto la chini la usiku. Walikadiria kwamba kila nyuzijoto moja ikiongezeka usiku, hekta hupoteza kilo 137 kwa mwaka. Usiku ukiwa na joto, mmea hupumua zaidi na kutumia sukari uliyotengeneza mchana, halafu tunda huwahi kuiva punje haijajaa vizuri. Wazee watakwambia kilichoua kahawa ni bei mbovu na kuondolewa kwa ruzuku ya pembejeo. Hawajakosea, mikahawa mingi ilitelekezwa kwa sababu hiyo. Ila hata mkahawa uliotunzwa haukwepi joto.

Kama AMCOS yenu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, inaweza, nunueni kipimajoto kinachoonyesha kiwango cha juu na cha chini. Kitundikwe kivulini, usawa wa kifua, mbali na ukuta na bati, na mtu mmoja aandike daftarini kila asubuhi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, cha juu na cha chini katika kijiji kimoja havifanani, kwa hiyo utabiri wa redioni hautoshi.

Kivuli kirudi. Wengi walikata miruka na miringaringa wakauza mbao. Niseme wazi: kivuli hakipozi usiku. Kazi yake ni mchana, kukinga majani na jua kali na kuchelewesha tunda kuiva. Kivuli chepesi, asilimia 40 hivi, kinatosha; kikizidi, mkahawa hurefuka bila kuzaa na kutu ya majani hustawi. Ondoa maotea, yaani machipukizi yasiyohitajika, pogoa na miti ya kivuli, majani ya migomba yatandaze chini, lakini yasiguse shina.

Miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, ni mizuri kwa kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Ilizalishwa kwa ajili ya magonjwa hayo. Muuzaji akikuambia haiogopi joto, mwombe ushahidi.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote ni ruhuka, mdudu anayetoboa tunda la kahawa. Juliana Jaramillo na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walionyesha mwaka 2009 kwamba mdudu huyu hazaliani joto likiwa chini ya nyuzi 15 hivi, na kadiri linavyopanda huongeza vizazi. Maana yake ni kwamba baridi iliyolinda vihamba vya juu inapungua nguvu. Chuma matunda machache, tazama kitovuni. Ukiona tundu lisilozidi milimita moja, lipasue tunda: ndani utakuta mdudu mweusi mdogo sana na watoto wake weupe, na punje imegeuka unga. Akishaingia humo, dawa ya kupuliza haimfikii vizuri, kwa hiyo usipoteze hela.

Anavuka msimu ndani ya masalia, yaani matunda yaliyobaki baada ya mavuno, yaliyokauka mtini na yaliyoanguka. Mwisho wa mavuno chuma yote, okota ya chini, yachemshe au yafukie kwa kina. Mtego wa chupa ya plastiki iliyotobolewa ubavuni, yenye kichupa cha spiriti juu na maji ya sabuni chini, hunasa majike yanayoruka, lakini haushiki nafasi ya usafi.

Na fanyeni wiki moja kitongoji kizima, vikiwemo vihamba ambavyo wenyewe wako Dar es Salaam na kahawa inaning'inia tu. Wapigiwe simu mapema, watoe ruhusa na hela ya vibarua. Wakija Krismasi kusalimia wazee, masalia yawe yameshachumwa.