Kusanifu mfumo wa kompyuta wa kudhibiti mtambo wa kupasha maziwa

Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, chukua karatasi na uandike mtambo utafanya nini umeme ukikatika, waya wa kihisi ukichomoka au boila ikiishiwa mvuke. Katika mtambo wa kupasha maziwa jibu ni moja kwa hitilafu zote tatu: maziwa ambayo hayakupata joto la kutosha yarudi kwenye tangi la maziwa mabichi, wala yasifike kwenye chumba cha kufungashia. Kwa hiyo vali ya kugeuza njia iwe ile ambayo springi yake huisukuma upande wa kurudisha mara tu hewa au umeme unapokosekana, na njia ya mbele ifunguke kwa amri ya kompyuta pekee.

Upashaji wa muda mfupi unataka nyuzi 72 za Selsiasi kwa angalau sekunde 15, na sekunde hizo huhesabiwa na bomba, si na kompyuta. Mtambo wa lita 5,000 kwa saa hupitisha takriban lita 1.39 kila sekunde, hivyo bomba la kushikilia joto libebe karibu lita 21. Kipenyo chake cha ndani kikiwa milimita 50, urefu unakuwa kama mita 10.6, nao huongezwa kwa sababu maziwa ya katikati ya bomba hukimbia kuliko yale ya kandoni. Mwandishi wa programu husahau kwamba mwendeshaji akiongeza kasi ya pampu kwenye skrini anazipunguza sekunde zile bila kugusa joto hata kidogo. Kikomo cha kasi kiwekwe kwenye kifaa kinachoendesha mota, kisha kifungwe kwa lakiri.

Tumia vihisi viwili vya joto vya aina ya Pt100, yaani vya platini ambavyo ukinzani wake wa umeme hupanda kadiri joto linavyopanda. Cha kwanza kiwe mwanzoni mwa bomba ili kiongoze vali ya mvuke, na cha pili kiwe mwishoni ili kiamue njia ya maziwa. Ukikitumia cha mwishoni kuongoza mvuke, taarifa itachelewa kwa sekunde 15 na joto litapanda na kushuka bila kutulia.

Kila kihisi hupeleka ishara ya miliampia 4 hadi 20 kupitia kigeuzi ishara, kifaa kinachogeuza ukinzani huo kuwa mkondo wa umeme. Kwa kipimo cha nyuzi 0 (miliampia 4) hadi 100 (miliampia 20), nyuzi 72 ni miliampia 15.52. Waya wa ishara ukikatika mkondo hushuka hadi 0, nayo programu ikatambua kuwa hiyo ni hitilafu, si baridi. Kuna mtego hapa, na binafsi nauona kuwa mbaya kuliko yote: kihisi chenyewe kikikatika ndani, ukinzani hupanda mno, na kigeuzi ishara kinaweza kuusoma kama joto kali, vali ikafunguka mbele. Kipange kigeuzi kishushe mkondo kihisi kinapoharibika, na programu ikatae kila thamani iliyo chini ya miliampia 3.6 au juu ya 21.

Programu ya PLC, yaani kompyuta ndogo ya viwandani inayoendesha mtambo, igawanywe katika hali zinazoeleweka: kusubiri, kupasha, kupeleka mbele, kurudisha na kuosha. Joto likishuka chini ya nyuzi 72 vali igeuke papo hapo, lakini isirudi mbele mpaka joto lidumu juu ya nyuzi 73 kwa sekunde kadhaa, la sivyo itapigapiga bila kukoma.

Kitufe cha dharura kisipitie kwenye programu. Kikate moja kwa moja umeme wa kontakta (swichi kubwa zinazowasha na kuzima mota), kwa waya ambao kwa kawaida unapitisha umeme, ili hata waya huo ukikatika mtambo usimame.

Jaribio la kwanza lifanywe kwa maji: chomoa kila kihisi kwa zamu, funga mvuke, zima swichi kuu, na kila mara uandike vali ilichukua sekunde ngapi kugeuka.