Msimbo ukikuchosha, cheza na kobe

Ukiona umekodolea hitilafu ileile saa nzima, iache kwanza. Fungua Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, andika from turtle import *, kisha mtume kobe, yaani kishale kinachochora mstari kila kinapopita: forward(200) aende mbele, right(144) ageuke kulia nyuzi 144, yote mara 5. Nyota hiyo! Sasa weka 170 badala ya 144, rudia mara 36, utazame mstari kwa mstari jua la ncha 36 likichomoza kwenye kioo. Mimi hufanya hivi karibu kila wiki, na nikirudi kazini kichwa huwa chepesi. Kobe huyu asili yake ni Logo, lugha iliyobuniwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto, lakini sisi wakubwa tunamhitaji zaidi. Mchoro wenyewe usiuhifadhi. Funga dirisha, kesho chora mwingine.