Kabla ya kununua shamba kando ya mto New Zealand

Anayetaka shamba bondeni New Zealand ajue kwanza maji ya pale yanasimamiwa na nani. Mifereji ya mvua ya mjini huwa chini ya halmashauri ya wilaya au ya jiji, lakini mito na matuta ya kuzuia mafuriko yako mikononi mwa baraza la mkoa, ambalo tangu mageuzi ya 1989 limebeba kazi za bodi za mabonde zilizoundwa chini ya sheria ya 1941.

Omba ripoti ya ardhi kutoka halmashauri ya wilaya, kisha tazama ramani za mafuriko za baraza la mkoa na uulize shamba limo katika mradi upi wa kinga, kwa kuwa wanaonufaika na mradi kwa kawaida hutozwa kodi yake maalumu. Ukiambiwa tuta linahimili "mafuriko ya miaka 100", usihesabu karne ya usalama: maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na kwa mwenye mkopo wa miaka 30 jumla yake inapita robo.

Uliza pia maji yakizidi yanapelekwa wapi. Kwenye Mto Manawatū, milango tisa ya Moutoa, iliyoanza kazi 1962, hufunguliwa ili maji ya ziada yapite katika ukanda mpana ambao siku za kawaida ni malisho. Mwenye mifugo humo hana budi kuihamisha mapema.

Halafu tembea shambani, ikiwezekana baada ya mvua. Angalia kama kwato za ng'ombe zimechimbua tuta, na kama kuna miti juu yake, kwani mzizi ukioza huacha tundu ambamo maji hupenya. Usipande, usichimbe wala usijenge karibu na tuta kabla ya kuuliza kama kibali kinahitajika; umbali umetajwa katika sheria ndogo za mkoa husika. Mwisho wa kalavati inayopita chini ya tuta utakuta kifuniko cha bawaba, ambacho maji ya shamba hukisukuma kwenda mtoni na mto ukijaa hukifunga. Tawi moja likikwama hapo, mto huingia shambani huku tuta likiwa zima kabisa. Ukiliona, lipigie simu baraza mapema. Mto ukishajaa, usishuke kulitoa mwenyewe.