Taa za breki zikififia, anza na ethi

Ndugu zangu mnaobeba samaki kwa gari kutoka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ukikanyaga breki ukaona taa za nyuma zinafifia, au indiketa inawaka kidogo bila kuwashwa, usikimbilie kununua balbu. Mara nyingi ni waya wa ethi, ule unaorudisha umeme wa taa kwenye bodi ya gari. Yale maji ya barafu yanayochuruzika kutoka kwenye matenga huingia mpaka kwenye holda inayoshika balbu, kutu ikaota. Fungua nati ya ethi, sugua kwa msasa hadi bati ling'ae, kaza tena. Zikizima zote za breki kwa pamoja, tazama fyuzi, halafu swichi ndogo pale juu ya pedali. Fanyeni leo, jamani, kabla hamjashuka mlima wa Bugando usiku na daladala mgongoni.