Kuku wa mayai na programu huria: kilo ngapi kwa trei?

Muulize mfugaji wa kuku wa mayai jana ameokota trei ngapi, atakujibu papo hapo. Muulize kila trei imekula kilo ngapi za chakula, atanyamaza. Faida nyingi hupotelea hapo, maana chakula ndicho kinachomeza fedha kuliko kitu kingine bandani.

Hesabu hiyo haihitaji programu ya kununua. Pakua LibreOffice. Ni programu huria: ni bure, ni halali, unaruhusiwa kumnakilia jirani, na ukishaiweka kwenye kompyuta haidai intaneti. Mimi nilianza na nakala ya wizi ya programu ya kulipia, niliyowekewa mtaani. Ilikuja na virusi, na kumbukumbu za miezi saba zikapotea zote. Naumia hadi leo. Wala programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice, iliyoizaa LibreOffice, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Fungua Calc, sehemu ya LibreOffice ya majedwali na hesabu, uweke safu hizi kuanzia A hadi H: tarehe, kuku waliopo, waliokufa, mayai yaliyookotwa, yaliyovunjika, kilo za chakula, trei za taslimu, trei za mkopo. Jina la mkopaji liandike pembeni. Deni la mama lishe lisilo na tarehe huishia kwenye ubishi.

Kwenye I2 andika =D2/B2*100 upate asilimia ya utagaji. Kwenye J2 andika =F2/(D2/30) upate kilo za chakula kwa trei moja. Kisha vuta fomula chini.

Tuseme una kuku 200, kila mmoja anakula gramu 120. Hizo ni kilo 24 kwa siku. Wakitaga mayai 180, trei moja imekula kilo 4. Wakitaga 150, imekula kilo 4.8, na gunia limeisha siku ileile. Kwa macho, banda lenye mayai 150 linapendeza tu. Safu ya J ndiyo inayokushtua.

Namba ikipanda siku tatu mfululizo, anza na maji: vyombo visafi? Vilikauka mchana? Halafu angalia mwanga, minyoo, na kama gunia jipya limebadilika harufu. Utagaji ukianguka ghafla na kuku wakazubaa, usingoje safu ijae. Mwite mtaalamu wa mifugo, huenda ni ugonjwa wa kideri.

Jaza kila jioni, ukiwa bado na vumbi la banda mikononi. Ukilimbikiza hadi Jumapili utaanza kubuni. Kila wiki nakili faili kwenye flashi, uitunze nyumba nyingine. Ukiwa na mkopo wa benki au miradi miwili mitatu, iko GnuCash, nayo huria, kwa uhasibu kamili. Ila usiiguse kabla safu hizi nane hazijajazwa miezi mitatu bila kuruka siku.