Mkato, nukta na mahaba ya haraka

Nyie mnaoandika hadithi za wahusika wa tamthilia mnazozipenda, ngoja niseme hili maana jana nasoma moja huku nasubiri chapati zangu hapa Ngamiani, Tanga, nikafika katikati sijui tena nani anaongea. Kila anayeongea mpe mstari wake mpya. Halafu ukiweka "alisema", mkato unakaa ndani ya alama za kunukuu: "Umechelewa," alisema Zuhura. Kikifuata kitendo weka nukta: "Umechelewa." Zuhura akageuza baiskeli. Mtu hageuzi baiskeli kwa mdomo bwana.

Na mapenzi jamani msiyakimbize, aya ya pili "nakupenda" ya tatu posa, ndo waja leo waondoka leo hiyo au? Mi ningewakalisha wapenzi hao Raskazone, kando ya bahari, jioni, mmoja anapuliza kahawa iliyopoa zamani ili tu asiondoke, mwenzie kaona, kanyamaza. Na kama kwenye tamthilia ni mtu mkali usimgeuze ghafla awe wa habibti kila sentensi, mwache apende kwa ukali wake uleule:

"Vaa koti, mvua hiyo."

"Na wewe?"

"Nimesema vaa."