SOMO: Hesabu ya kufufua starta za zamani, kabla hujatoa hela

Wakuu, kila wiki naulizwa kama kufufua starta (mota inayozungusha injini ya gari iwake), yaani kununua mbovu, kuitengeneza na kuiuza, kunalipa. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamleta kwenye uzi huu. Nipo Mbeya mjini.

1. Anza na aina moja au mbili. Mimi nafanya za Hiace na Noah.

2. Tafuta mabovu kwa mafundi umeme wa magari na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

3. Piga hesabu ya zile zitakazokufa. Hapa ndipo mitaji inapozama, someni taratibu. Tuseme umenunua mabovu 10 kwa 30,000 kila moja. Ukifungua, 3 amecha (kiini cha waya wa shaba kinachozunguka ndani ya starta) zimeungua, hazifai. Basi bovu moja halijakugharimu 30,000: ni 300,000 gawa kwa 7, karibu 43,000. Ongeza vipuri vya kubadilisha (kaboni, bushi na solenoidi) 35,000, fundi 15,000, umeme na pango 7,000, akiba ya garantii 10,000. Jumla 110,000. Ukiuza 150,000, faida ni 40,000. Asiyehesabu zilizokufa wala garantii anaona 63,000, na anazila zote. Zikifa 5 badala ya 3, faida inashuka hadi 23,000. Bei ni za mfano, weka za kwako. Ila USINUNUE gunia zima bila kupima amecha, na usiandike sifuri kwenye zilizokufa.

4. Mteja akiacha bovu lake, mpunguzie. Asipoliacha, alipe amana. Ndivyo Caterpillar, kampuni ya mitambo mikubwa, wanavyofanya kwenye vipuri walivyoanza kufufua mwaka 1973. Bila mabovu kurudi, utakosa cha kufufua.

5. Risiti na garantii ya maandishi.

MASWALI

Mdau wa Tunduma: Mkuu, mtaji shilingi ngapi?
Jibu: Hatua ya 3. Njoo na bei za kwako.

Mdau wa Tunduma: Nipe tu makadirio.
Jibu: Nikikupa yangu utapata hasara yangu na yako. Pita Tunduma uulize bei za mabovu, kisha rudi.

Fundi wa Makambako: Kaka, amecha iliyokufa ina thamani yoyote?
Jibu: Swali zuri sana. Ina shaba, iuze kwa kilo, na hela hiyo uipunguze kwenye ile 300,000. Bendeksi (gia ndogo ya starta inayoshika injini) na kifuniko vikiwa vizima, tunza, vitaokoa starta nyingine.

Mama Vipuri, Iringa: Mteja akija kudai garantii na starta ambayo si yangu?
Jibu: Dada, gonga alama yako kwenye bodi kabla haijatoka dukani, na uiandike kwenye risiti.

Fundi wa Makambako: Na msimu wa kununua mabovu?
Jibu: Juni na Julai. Baridi ya Njombe na Makete inadhoofisha betri na oili inakuwa nzito, injini haizunguki, lawama inaangukia starta. Baadhi ya zinazouzwa kama mabovu miezi hiyo huwa nzima kabisa. Nenda na betri yenye chaji ukapimie pale pale.